Tokeni ya mia tano imekwenda wapi?

Malalamiko haya utayasikia kila mtaa wa Mombasa, Majengo, Kisauni, Likoni hadi Mikindani. Mtu amenunua tokeni ya stima ya shilingi 500 mwezi uliopita akapata yuniti kadhaa, na leo kwa pesa zile zile amepata pungufu. Jirani yake anaapa kwamba mita mpya zinakimbia. Wa tatu anashauri tokeni inunuliwe tarehe mosi alfajiri, eti ndipo bei huwa nafuu. Wa nne amechomoa chaja zote za simu nyumbani kwake, na bado stima haimfikishi Ijumaa.

Wote wanne wana haki ya kuuliza, ila wanaulizia mambo matatu tofauti kana kwamba ni moja. La kwanza ni kiasi cha stima ambacho nyumba imetumia. La pili ni bei ya kila yuniti, ambayo si moja kwa kila mtu. La tatu ni nani hasa anatumia stima inayopita kwenye mita hiyo. Ukiyatenganisha haya, unaweza kujua pesa zinakwenda wapi, na mara nyingi zinakokwenda siko tulikokuwa tukikushuku.

Tuanze na maneno mawili. Kila kifaa cha stima kina kibandiko nyuma au chini yake kinachoonyesha wati. Wati ni kasi ya kifaa kula stima pale kinapofanya kazi. Wati 1,000 ni kilowati moja. Yuniti ndiyo unayouziwa: ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Kwa hiyo kifaa cha wati 1,000 humaliza yuniti moja kwa saa moja, cha wati 100 kwa saa kumi, na cha wati 10 kwa saa mia.

Fikiria mfereji na madumu. Wati ni jinsi ulivyoufungua mfereji, yuniti ni madumu yaliyojaa. Mfereji uliofunguliwa wote kwa dakika tatu unaweza kujaza dumu moja, na unaodondoka usiku kucha na mchana kutwa ukajaza matano bila mtu kuusikia. Muuza maji hatakuuliza uliufungua vipi, atahesabu madumu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tunaogopa vifaa vyenye vishindo, birika la umeme linalonguruma na pasi inayofuka mvuke, kisha tunavisamehe vile vilivyo kimya. Lita moja ya maji, kutoka kwenye tanki la Mombasa ambalo tayari lina uvuguvugu, huhitaji kama sehemu moja ya kumi ya yuniti ili ichemke. Tuseme unalipa shilingi 26 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo. Chai hiyo imekugharimu kama shilingi mbili na nusu za stima. Ukichemsha mara tatu kila siku, mwezi mzima ni yuniti tisa hivi.

Sasa tazama kisanduku cha dishi kilicho chini ya televisheni. Vipo vinavyokula wati 10 au zaidi hata vikizimwa kwa rimoti, kwa sababu rimoti huvilaza tu, haivizimi. Kikiwa cha wati 12 na hakichomolewi kamwe, saa 24 kwa siku 30, kimekula zaidi ya yuniti nane. Yaani kisanduku kilicholala kimelingana na birika la chai la familia nzima, na birika ndilo linalolaumiwa.

Chaja ya simu, kwa upande wake, imeonewa sana. Chaja iliyochomekwa bila simu hutumia sehemu ndogo ya wati moja, na hata simu yenyewe ikichajiwa kila siku mwaka mzima haifikishi yuniti kumi. Kuichomoa ni vizuri kwa usalama, hasa zile chaja za bei ya kutupa zinazopata moto. Lakini anayetegemea kuchomoa chaja ndipo tokeni imtoshe atasubiri sana.

Hayo ni matumizi. Bei ina hesabu yake, na wengi hawajawahi kuelezwa.

Ukinunua tokeni, ule ujumbe unaokujia una mengi zaidi ya tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Kuna neno Units, yaani yuniti ulizopata. Kuna Amt, pesa zote ulizotoa. Kuna TknAmt, sehemu ya pesa zako iliyonunua stima yenyewe, na kuna OtherCharges, ambazo ni tozo na kodi. Chukua kikokotoo cha simu yako ugawanye TknAmt kwa Units. Jibu litakalotoka ndilo bei ya msingi unayouziwa, na bei hiyo inakwambia umewekwa kundi gani.

Makundi ya wateja wa nyumbani ni matatu. Anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi yuko kundi la nafuu, na bei yake ya msingi ni kama shilingi 12. Kuanzia yuniti 31 hadi 100 bei ni kama shilingi 16. Anayepita 100 hulipa bei ya juu kabisa, ambayo tangu viwango hivi vianze Aprili 2023 imekuwa kati ya shilingi 19 na 21 kutegemea mwaka. Kabla ya hapo kundi la nafuu lilifika hadi yuniti 100, ndiyo maana nyumba nyingi za kawaida zilishtuka mwaka ule ingawa hazikuongeza hata taa moja.

Kuna mambo mawili kuhusu makundi haya ambayo ningependa kila mwenye mita ayashike. Kwanza, kundi lako halitokani na mwezi huu pekee, linatokana na wastani wa miezi mitatu iliyopita. Ukinunua yuniti 90, kisha 95, kisha 125 kwa sababu wageni wa harusi walilala kwako, jumla ni 310 na wastani ni 103. Umeshavuka. Harusi imekwisha, wageni wamerudi kwao, na wewe bado unalipa bei ya juu. Ndipo unaposikia mtu anasema bei imepanda kwake peke yake huku jirani hajaona tofauti. Hakuibiwa, amehamishwa kundi.

Pili, ukivuka, bei mpya inashika yuniti zako zote. Wengi hudhani ni zile tu zilizozidi mia moja ndizo zinazotozwa zaidi. Sivyo. Hata tofauti ya bei ya msingi ikiwa shilingi tatu tu, mtu wa yuniti 98 na mtu wa yuniti 105 hawatofautiani kwa thamani ya yuniti saba. Yule wa 105 analipa zile saba, na juu yake karibu shilingi 300 kwa yuniti ambazo wote wawili wamezitumia sawa, kabla kodi haijaongezwa. Kwa hiyo mwenye wastani wa 40 hapungukiwi sana akiongeza yuniti tano. Mwenye 103 akipunguza tano anafaidika kuliko anavyodhani. Ukijua uko karibu na mpaka gani, unajua juhudi zako zina thamani gani.

Ile sehemu ya OtherCharges nayo haitulii, na ndiyo inayomfanya mtu ambaye kundi lake halijabadilika apate yuniti pungufu. Ndani yake mna kodi ya VAT ya asilimia 16, mchango wa kusambaza stima vijijini wa asilimia 5 ya bei ya msingi, na tozo ndogo za mamlaka ya nishati na za maji. Kubwa kuliko hizo ndogo ni gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni, ambazo EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, hutangaza kila mwezi katika gazeti rasmi la serikali.

Mkazi wa Mombasa ana bahati ya kuiona gharama ya mafuta kwa macho. Stima nyingi ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa kando ya Ziwa Turkana. Hiyo haihitaji mafuta. Lakini mvua ikikosa mabwawani, au jioni nchi nzima ikiwasha taa na jiko kwa wakati mmoja, mitambo ya mafuta huwashwa kusaidia, na baadhi yake iko hapa hapa: Kipevu upande wa bandari, na Rabai ukishavuka kuingia Kilifi. Mafuta yaliyochomwa hugawanywa kwa kila yuniti inayouzwa Kenya nzima. Wa Kisumu na wa Changamwe hulipa sawa, kwa hiyo kuishi karibu na mtambo hakukupunguzii wala hakukuongezei. Fedha za kigeni zimeingia kwa sababu sehemu ya mikopo na mikataba ya kuzalisha stima inalipwa kwa dola na yuro. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipofika karibu shilingi 160, mnunuzi wa tokeni alilihisi hilo ingawa hajawahi kushika dola.

Basi, ukipata yuniti pungufu, linganisha ujumbe wa leo na wa mwezi uliopita. Kama TknAmt kugawa kwa Units haijabadilika, tozo ndizo zilizopanda, na hapo huna la kufanya nyumbani kwako. Kama imebadilika, na viwango vya mwaka havijabadilishwa, umehama kundi, na hapo unalo la kufanya. Kuna na uwezekano wa tatu: mita inaweza kuwa na deni la zamani, pengine la mpangaji aliyehama, na deni hilo likawa linakatwa kila unaponunua. Mpangaji mpya ana haki ya kuuliza kuhusu deni la mita kabla hajalipa kodi ya kwanza ya nyumba, na namshauri aulize.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linawaumiza watu wengi Mombasa na halizungumzwi ipasavyo. Nyumba nyingi za Kiswahili za Majengo, Kisauni na Likoni zina vyumba sita au vinane pande mbili za ukumbi mmoja, na mita ni moja. Kila chumba kina familia au kijana anayejitegemea, na kila kimoja kina taa mbili, feni, simu na televisheni ndogo. Kingekuwa na mita yake, huenda kingetumia yuniti 25 kwa mwezi na kulipa bei ya nafuu iliyowekwa kwa ajili ya watu kama hao. Lakini mita haijui vyumba. Inajua vyumba sita mara yuniti 25, yaani 150, na inaiweka nyumba nzima kwenye bei ya juu. Wapangaji wa chumba kimoja kimoja wanauziwa stima kwa bei ya nyumba ya ghorofa yenye kiyoyozi kule Nyali.

Dawa ya kweli ni mita ya kila chumba kutoka kwa kampuni ya umeme yenyewe, ingawa hilo lina gharama na linahitaji mwenye nyumba akubali. Zile mita ndogo ambazo wenye nyumba huzifunga wenyewe ni msaada wa aina nyingine. Zinaonyesha nani ametumia ngapi, na hivyo zinamaliza ugomvi wa nani ana friji na nani hana, lakini hazibadilishi kundi, kwa kuwa tokeni bado inanunuliwa kwenye mita kubwa. Hata hivyo zinakupa hoja. Ukijua umetumia yuniti ngapi, omba kuona ujumbe wa tokeni, gawanya Amt kwa Units, na utajua bei kamili ya yuniti kwa nyumba hiyo. Ukitozwa zaidi ya hapo una la kuzungumza na mwenye nyumba, kwa adabu na kwa hesabu mkononi.

Sasa tuje kwenye kupima. Huhitaji kununua kifaa chochote, mita yako tayari ina kifaa hicho. Isogelee utazame usoni pake. Utaona kitaa kidogo, mara nyingi chekundu, kinachopepesa, na karibu yake kumeandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Namba hiyo ni idadi ya mipepeso inayokamilisha yuniti moja. Kwenye mita ya 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya yuniti.

Shika simu yenye saa, hesabu mipepeso ya dakika moja kamili, zidisha kwa 60,000, kisha gawanya kwa ile namba ya kwenye mita. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani wakati huo. Ukihesabu mipepeso minane kwenye mita ya 1000, nyumba inakula wati 480. Kwenye mita ya 1600, mipepeso minane ni wati 300. Hivyo, mtu anayesema mita yangu inapepesa haraka kuliko ya jirani huenda ana mita yenye namba kubwa zaidi tu, na hajapoteza chochote.

Zima kila kitu ubakishe friji, uhesabu. Ongeza feni ya chumbani, uhesabu tena. Mwite mtoto wa darasa la sita akuandikie, hesabu hizi anaziweza na zitamfaa. Mkimaliza sebule na jikoni mtakuwa na orodha ya nyumba yenu wenyewe. Vifaa vinavyojiwasha na kujizima, friji na kiyoyozi hasa, havipimwi kwa dakika moja. Kwa hivyo, soma salio la yuniti kabla ya kulala, lisome tena alfajiri, na uandike. Wiki moja ya kusoma salio kwa saa ile ile itakufunulia mengi: siku ya kupiga pasi, siku ya kujaza tanki, usiku ambao kiyoyozi kilisahauliwa.

Nyumba ya Mombasa haifanani na ya Nairobi. Kule maji ya kuoga ya moto ni kitu kikubwa. Shawa ya moto ya papo kwa papo yenye wati 5,000 hula karibu yuniti moja kwa dakika kumi na mbili. Hapa wengi wetu tunaoga maji ya tanki bila shida. Adui yetu ni joto, na joto la Pwani halina likizo ya usiku. Msimu wa Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, usiku wenyewe hukaa na joto, na unyevu wa bahari unafanya jasho lisikauke. Feni si anasa katika nyumba yenye mtoto mchanga au mzee. Wala sitamwambia mtu azime.

Feni ya kawaida ni wati 50 hadi 75. Ya wati 60 ikizunguka saa 12 kila siku ni yuniti 22 hivi kwa mwezi. Feni haipozi hewa, inakupoza wewe kwa kukausha jasho, kwa hiyo inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haifanyi kazi yoyote. Kama ya darini ina swichi ya zamani, lile boksi kubwa linalopata moto ukiligusa, jua kwamba kuipunguza kasi hakukuokolei mengi, maana stima inageuka joto ndani ya boksi hilo. Swichi mpya za kielektroniki hupunguza kweli.

Kiyoyozi ni habari nyingine kabisa. Cha chumba cha kawaida cha kulala hula kama wati 1,000 kompresa inapofanya kazi. Usiku wa saa nane kinaweza kumaliza yuniti tano au sita, na mwezi mmoja wa hivyo unaivusha nyumba yoyote mpaka wa yuniti 100, mara nyingi peke yake. Wapo wanaokiweka nyuzi 16 wakiamini chumba kitapoa haraka. Kiyoyozi cha kawaida hupoza kwa kasi ile ile ukikiweka 16 au 25, tofauti ni kwamba ukikiweka 16 hakijui lini kipumzike, kwa sababu katika joto letu huenda chumba kisifike 16 kamwe. Kiweke 25 au 26 na uwashe feni taratibu, mwili utasikia baridi ya kutosha. Na usisahau chumvi ya bahari. Zile nyavu za chuma za nje huliwa na kutu na kuzibwa na vumbi lenye chumvi, na kiyoyozi kilichozibwa huhangaika muda mrefu zaidi kwa ubaridi ule ule. Fundi azioshe kabla ya Kaskazi kuanza.

Friji ndiyo ninayoishuku kwanza katika nyumba isiyo na kiyoyozi. Haizimwi, na katika jiko la Mombasa inapambana na joto saa zote. Friji mpya nzuri inaweza kutosheka na chini ya yuniti moja kwa siku. Kuukuu, yenye mpira wa mlango uliolegea, inaweza kula moja na nusu au mbili, na hizo ni yuniti 45 hadi 60 kwa mwezi. Bana noti kwenye mlango, funga, kisha uivute. Ikitoka bila kupinga, ubaridi unatoka hapo hapo, na mpira hubadilishwa kwa bei ndogo kuliko friji. Iondoe kwenye ukuta kidogo ili mgongo wake upumue, isikae karibu na jiko wala mahali jua la alasiri linapoingia, na pojo au pilau ipoe kwanza nje kabla ya kuingizwa. Kuzima friji usiku kucha, kama wengine wanavyofanya, hakuleti nafuu wanayotarajia: asubuhi inafanya kazi mfululizo kurudisha ubaridi uliopotea, na samaki wako amekaa saa kadhaa katika joto linalomharibu.

Akina mama wanaouza barafu, maji baridi na juisi ya ukwaju kutoka kwenye friza ya nyumbani wana sababu zaidi ya kupima. Biashara hii inalisha watoto wengi, na mara nyingi stima yake imefichwa ndani ya tokeni ya nyumba, hata mfanyabiashara hajui faida yake halisi. Soma salio kwa siku mbili friza ikiwa imejaa na inauza, linganisha na siku mbili ikiwa imezimwa. Tofauti ndiyo gharama ya biashara, na lazima iingie kwenye bei ya mfuko wa barafu. Pia friza hiyo ndiyo inayoweza kuivusha nyumba mpaka wa 100, na gharama ya kuvuka huko ni ya biashara vile vile.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Taa za zamani za wati 60 zilizobaki zibadilishwe kwa LED za wati 9, mwanga ni ule ule. Pasi hula stima nyingi wakati wa kupashwa moto, kwa hiyo kanzu na sare za shule za wiki nzima zipigwe kwa mkupuo mmoja. Maharagwe yakikaa saa mbili kwenye jiko la koili la wati 1,500 yanaweza kula yuniti tatu, ilhali sufuria ya umeme ya presha huyaivisha kwa chini ya yuniti moja. Pampu ya maji inayojiwasha usiku wakati hakuna anayeoga inakwambia kuna mfereji unaovuja au boya la tanki limeharibika.

Na zile imani za barazani? Kununua tarehe mosi kulikuwa na maana zamani, wakati kulikuwa na ada isiyobadilika iliyokatwa kwenye tokeni ya kwanza ya mwezi. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2018. Siku hizi kinachobadilika ni tozo za mwezi, na zinaweza kupanda au kushuka. Kununua kwa shilingi 50 mara kumi au 500 mara moja hakubadilishi bei ya yuniti. Nalo lile zoezi la kuingiza tokeni tatu mfululizo mwaka 2024, lililozua uvumi kwamba mita zimefanywa kukimbia, lilihusu kalenda ya ndani ya mita. Mita nyingi za tokeni duniani zilikuwa na hesabu ya muda iliyokuwa inafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024, na zisingepokea tokeni mpya bila kusasishwa. Namna ya kupima yuniti haikuguswa.

Hata hivyo, mita inayokimbia kweli ipo, na kuna njia ya kuijua. Zima swichi kuu ya nyumba, ile ya kwenye boksi la fyuzi, kisha nenda ukakiangalie kile kitaa kwa dakika kumi. Kikikoma kupepesa, stima yote iliyokuwa inapotea inapotelea ndani, kwenye vifaa vyako au kwenye waya zako. Washa swichi, chomoa vifaa vyote na uzime taa zote. Kikiendelea kupepesa, waya mahali fulani zinavujisha, na kwenye kuta zetu zenye unyevu na chumvi hilo ni hatari ya kumrusha mtu, kwa hiyo fundi mwenye leseni aitwe siku hiyo hiyo. Na kama kitaa kilipepesa hata swichi kuu ikiwa imezimwa, basi mtu ameunganishwa kwenye laini yako baada ya mita, au mita yenyewe ina hitilafu. Usiguse waya. Chukua video ya kitaa kikipepesa na swichi ikiwa chini, andika namba ya mita, na uipigie kampuni ya umeme, Kenya Power, kwa 97771 au ubonyeze *977# uripoti, kisha uweke namba ya ripoti utakayopewa.